Mwamba Usio na Matumbawe

Ukimuuliza mtu wa Busia mahali pa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, atakuelekeza stendi ya mabasi. Huwezi kumlaumu. Matumbawe yako Pwani, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, na picha za wazamiaji ambazo watu wa mpakani wameziona zilipigwa Watamu, Shimoni, Pemba au Mafia. Ziwa Victoria, ambalo kwa pikipiki unalifikia kwa muda wa saa moja hivi au pungufu, linahesabiwa kuwa shamba la omena na mbuta, njia ya kuvukia, na kwa familia nyingi za Majanji na Sio Port, kaburi. Hakuna anayelihesabu kuwa na mwamba wa maana. Hapo ndipo ninapobisha. Nadai kwamba visiwa vya mawe vilivyo mbele ya Ghuba ya Berkeley, kuanzia Sigulu hadi Lolwe, vina miamba inayofanya kazi ile ile inayofanywa na matumbawe ya Pemba. Nadai pia kwamba sehemu ya miamba hiyo inapaswa kufungiwa nyavu na kukaguliwa na wazamiaji, kama inavyofanyika baharini. Dai hili lina mapengo yake, nami sitayakwepa, kwa sababu baadhi ya wanaolipinga wana sababu nzuri.

Hoja inaanzia Tororo, ambako hakuna ziwa wala bahari. Mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya mji, kilele chake kikiwa kwenye mita 1,480 hivi kutoka usawa wa bahari. Anayezipanda ngazi mpaka juu anauona Mlima Elgon kaskazini-mashariki na, chini yake, kiwanda cha saruji. Saruji inatengenezwa hapa tangu miaka ya 1950 kwa kuwa mawe ya Tororo na ya vilima vya Sukulu vilivyo jirani yana chokaa. Chokaa hiyo haikujengwa na kiumbe chochote cha majini. Ni mabaki ya volkeno ya kale, uji wa moto uliopanda na kaboneti kutoka chini ya ardhi ukaganda. Kule Bamburi, Pwani, kwenye mwisho wa pili wa barabara hii hii ya malori, saruji imechomwa tangu 1954 kutokana na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Fundi anayechanganya zege pale Malaba haulizi kama mfuko wake ulitokana na tumbawe au na volkeno. Anauliza kama ukuta utasimama. Tungeuliza hivyo hivyo kuhusu mwamba wa majini, tukaacha kutazama aliyeujenga na kutazama kazi yake, mengi yanayosemwa kuhusu ziwa letu yangebadilika.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi kule ambako wazamiaji hulipa fedha nyingi kwenda kuiona. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na maji ya Bahari ya Hindi hupita hapo kuelekea kaskazini mwaka mzima, yakiongeza kasi msimu wa kusi na kupungua msimu wa kaskazi. Juu ya mwendo huo mkubwa kuna kujaa na kupwa, ambako wakati wa bamvua hupandisha maji karibu mita 4. Maji yote hayo lazima yapite mahali. Upande wa magharibi wa Pemba hupita kwenye milango baina ya visiwa vidogo, kama Njao na Fundo. Mafia hupita kwenye mlango wa Kinasi, kuingia na kutoka Ghuba ya Chole. Mzamiaji wa Kinasi huingia maji yanapojaa tu. Akikosea saa akashuka yakipwa, mkondo utamtoa ghubani umpeleke bahari kuu, na boti itamtafuta mbali. Chini huko hakuna anayeogelea kwa nguvu. Mtu huukunja mwili, huacha maji yambebe pembeni mwa ukuta wa matumbawe, na akitaka kutazama kitu hujibanza nyuma ya jiwe mahali ambapo mkondo umekatika. Kabla ya kupanda juu hupandisha boya lenye kamba ili nahodha ajue atatokea wapi. Ukitazama utaona samaki nao wanafanya hivyo hivyo. Kolekole na chewa wakubwa wanasimama kwenye ncha, palipo na mkondo mkali unaoleta chakula; vipepeo na kangaja wako nyuma, kwenye mianya.

Kwa hiyo mwamba ni mambo mawili yaliyokutana: pa kujificha, na maji yanayotembea. Pa kujificha pakiwepo na maji yakasimama, samaki hawapati hewa wala chakula. Maji yakitembea bila pa kujificha, wadogo wote wanaliwa. Na maji yanayotembea yana faida nyingine iliyojulikana baada ya joto kali la 1998, lililoyafanya matumbawe kupauka na kufa kutoka Kenya hadi Tanzania. Misali, kisiwa kidogo cha Pemba kilichofanywa hifadhi mwaka huo huo, kiliumia sana. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amefanya kazi Mombasa kwa miongo mingi, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba eneo kutoka Shimoni kushuka hadi Dar es Salaam, pamoja na visiwa vyake, linapata maji baridi kutoka kwenye vilindi vilivyo karibu na pwani, na kwamba matumbawe yake yana nafasi nzuri ya kupona kuliko ya kwingine. Mkondo unaomtisha mzamiaji wa Pemba unahusika katika kuuweka mwamba hai. Kumbuka pia kwamba eneo hilo limekatwa na mpaka wa nchi mbili, jambo tutakalolirudia.

Sasa njoo ziwani. Kutoka mjini Busia upande wa Uganda, barabara ya lami inapita Lumino hadi Majanji, kwenye ghuba ambayo nusu yake ni ya Kenya. Ufukweni utakuta kile ambacho kila mwalo unacho: mitumbwi ya mbao iliyopakwa rangi, injini za nje, omena wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, taa za sola zinachajiwa kwa kazi ya usiku. Visiwa viko kusini, Sigulu kirefu chenye vilima na, mbali zaidi, Lolwe chenye majabali ya matale. Majabali hayo yanaendelea chini ya maji. Hapo ndipo wanapoishi samaki ambao Waluo huwaita fulu, Waganda nkejje, na Watanzania furu. Ni wadogo, wengi wao hawazidi kiganja, na kwa mfanyabiashara wa samaki hawana bei.

Hao wadogo ndio hazina ya ziwa hili. Ziwa Victoria lilikauka, au likakaribia kukauka kabisa, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo, ambao kwa umri wa dunia ni kidogo mno, walitokea furu wa aina zinazokadiriwa kufika 500. Mbuta, au sangara, alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akatulia kwa miaka karibu ishirini, kisha miaka ya 1980 akafurika. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka au zikabaki kidogo sana. Kinachonihusu mimi ni nani waliobaki. Furu wa maji ya wazi na wa vilindi vya tope ndio waliokwisha. Wa kwenye mawe walisalimika kwa wingi zaidi, kwa kuwa mbuta ni mwindaji wa maji ya wazi na hapendi kuhangaika kwenye mianya. Kokoro nalo, wavu ule wa kukokota ufukweni uliopigwa marufuku na bado unatumika, haliwezi kuburutwa juu ya majabali, linachanika. Mawe ya ziwa yaliwalinda samaki dhidi ya maadui wawili kwa wakati mmoja, mmoja wa mapezi na mwingine wa uzi. Hiyo ni kazi ya mwamba, hata kama hakuna tumbawe moja lililohusika.

Atasema mtu: sawa, lakini kuna nini cha kuona? Pemba mzamiaji anaona mbali. Ziwani haoni vidole vya miguu yake. Pingamizi hili lina ukweli. Wataalamu wa miongo ya awali ya karne iliyopita walizamisha sahani nyeupe katika maji ya katikati ya ziwa wakaiona hadi mita 7 au 8. Kufikia miaka ya 1990 vipimo vingi havikupita mita 2 au 3, na ghubani ni vibaya zaidi. Mbolea, majitaka na udongo unaobebwa na mito, Mto Sio ukiwemo, vimeyalisha maji mpaka yakawa ya kijani. Lakini uchafu huo unaongeza uzito wa hoja yangu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa upande wa Mwanza, kuhusu furu wa kwenye mawe. Mmojawapo, Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu Nyerere: dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi ya kusimama. Ndugu yake wa karibu ni wa buluu na huishi juu zaidi, kwenye maji mafupi. Jike wa kijivu, ambaye atayabeba mayai na watoto mdomoni mwake, humchagua dume kwa rangi. Palipo na mwanga aina hizi mbili hukaa jirani bila kuchanganyika. Palipo na tope jike hatambui nani ni nani, rangi za madume zinafifia, na aina mbili zinarudi kuwa moja. Kwa maneno mengine, samaki hawa wanaweza kupotea bila kufa. Mvuvi hatagundua, kwa kuwa uzito wa ndoo haubadiliki. Anayeweza kugundua ni mtu aliyeshuka kwenye jiwe lile lile mwaka hadi mwaka akiwa na ubao wa kuandikia. Mita 3 za kuona zinamtosha. Mawe hayahitaji mandhari.

Pingamizi la pili ni la mzamiaji wa Pwani: ziwa halina kujaa na kupwa, basi mkondo uko wapi? Uko, ila saa zake hazipo kwenye kalenda ya mwezi. Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, wa usiku hugeuka ukakutana juu ya ziwa na wa pande nyingine, na dhoruba zinazotokana na kukutana huko ndizo zinazowaua wavuvi kabla ya alfajiri. Chini ya uso, maji ya juu yenye joto hulala juu ya maji ya chini yenye baridi na hewa kidogo, mpaka pepo za kusini-mashariki za kati ya Juni na Agosti zinapoyachanganya. Mchanganyiko ukija ghafla unaweza kupandisha maji yasiyo na oksijeni. Januari 2021 mbuta wengi, wakubwa hasa, walielea wakiwa wamekufa Uganda na Kenya. Kulikuwa na uvumi wa sumu, lakini maelezo ya wataalamu wa serikali yalielekea kwenye upungufu wa hewa majini baada ya dhoruba. Mbuta mkubwa anahitaji hewa nyingi kuliko wengine na huumia kwanza. Kwenye jabali linalopigwa na mawimbi, hewa huingia kila dakika. Hapa tena vile vitu viwili vimekutana, maficho na mwendo wa maji, ingawa mwendo wenyewe hauna utaratibu wa bahari na unaweza kuleta mauti. Kwa mzamiaji hilo ni gumu zaidi ya Kinasi. Kinasi unasoma jedwali la maji; Lolwe unasoma mawingu, na nahodha asiyependa wingu fulani asibishiwe.

Kuhusu afya, wanaosema maji haya si ya kuchezea wako sahihi. Kichocho kipo, na konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na watu. Jabali la kisiwani lenye mawimbi lina hatari ndogo, si hakuna hatari, kwa hiyo mzamiaji apimwe na ameze dawa. Mamba na viboko wapo. Lakini hatari inayosahaulika zaidi ni ya mwinuko. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu. Mwili hautazami kina peke yake. Hutazama tofauti kati ya mgandamizo wa chini na wa juu utakaporudi. Kwa sababu hiyo mita 20 za ziwa hili zihesabiwe kama mita 22 au 23 za Mombasa, na anayetumia jedwali la Pwani bila kulirekebisha anaweza kupanda na mapovu ya nitrojeni kwenye damu na viungo. Hapa wale wanaosema twende tu Pwani watazame njia ya kurudi. Basi la Malaba likitoka Nairobi hupanda hadi Timboroa, kwenye mita zaidi ya 2,700. Mwinuko huo unazidi ule unaolingana na mgandamizo wa hewa ndani ya ndege ya abiria iliyo angani. Wazamiaji wanashauriwa wakae saa 18 au zaidi baada ya kuzamia mara kadhaa kabla ya kupanda ndege. Sijaona bango la namna hiyo kwenye ofisi ya basi. Mtu wa Tororo aliyezamia asubuhi Shimoni akapanda basi jioni, kesho yake atakuwa amevuka kilele hicho na mwili uliojaa gesi, na maumivu ya goti akifika nyumbani atayaita uchovu wa safari.

Limebaki pingamizi kubwa, la njaa. Kumwambia mvuvi wa Sigulu asitupe nyavu kwenye mawe ili furu wasio na bei waishi ni kumkebehi, hasa baada ya miaka ya askari. Mwaka 2017 jeshi la Uganda liliingia ziwani kusimamia sheria za uvuvi, na mitumbwi na nyavu nyingi zikachomwa. Malalamiko ya kupigwa yamefika Bungeni. Neno hifadhi limeshaharibiwa kabla halijatamkwa. Jibu langu ni kwamba kufungia eneo dogo, lililochaguliwa na wavuvi wenyewe, ni kitu kingine kabisa. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walianza mwaka 2005 kutenga takriban hekta 30 za mwamba wao, wenyewe wakiziita tengefu. Samaki walirudi, na wanaovua pembezoni mwake wakanufaika. Ziwani kwenyewe, Kenya husimamisha uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa kila mwaka kuanzia Aprili, na ingawa watu wananung'unika, wazo la kuyapumzisha maji si geni. Nakubali kwamba Kuruwitu ina watalii na Sigulu haina, na sitamwahidi mtu wa Majanji hoteli. Faida yake itatoka kwenye ngege na samaki wengine wa kuliwa wanaokulia kwenye mawe hayo hayo. Ikiwa baada ya miaka mitatu hawajaongezeka pembezoni, wafungue, nami nitakuwa sina hoja.

Lolwe kimewahi kufungwa, kwa sababu mbaya. Ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu laki mbili kando ya ziwa hili upande wa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha wakazi wa visiwa. Lolwe kilikaa muda mrefu bila watu, na watafiti waliofika miaka ya 1960 walikuta majabali yenye mashimo yaliyochimbika kwa kugongwa: mawe ya ngoma, yanayolia ukiyapiga, pamoja na michoro. Wenyeji wa kale walijua kwamba mawe ya kisiwa chao si takataka ya nchi kavu. Hakuna kipimo cha samaki wa wakati huo wa ukiwa, na siwezi kudai walinufaika. Ninalotaja ni kwamba mahali hapa pana historia ndefu kuliko bei ya mbuta.

Nani ataamua? Ghuba ya Berkeley ina serikali mbili, na kisiwa cha Migingo kimetufundisha tangu 2009 jinsi jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira linavyoweza kuwagombanisha majirani. Lakini hawa majirani wana Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao Jinja, pamoja na kamati za mialo pande zote. Kenya na Tanzania zimekuwa zikizungumzia hifadhi moja ya pamoja kwenye maji ya mpakani mwao upande wa bahari, kwa sababu tumbawe halina pasi ya kusafiria. Furu naye hana, na Busia ambayo tangu 2018 ina kituo kimoja cha forodha kwa nchi mbili haiwezi kusema haijui kazi ya pamoja inafananaje. Ningependekeza waanze na majabali mawili tu, moja kila upande, yasiyo na mzozo wa umiliki.

Kuna hofu ya mwisho, ya wavuvi wazee, nayo naiona ya maana: ukiwafundisha vijana kuzamia, umewafundisha kuiba. Pwani mitungi ya hewa ilitumika kukomba majongoo ya bahari mpaka ikakatazwa, na furu wenye rangi wana soko kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mitungi na pampu ya kuijaza vikae chini ya kamati ya mwalo, visikodishwe, na kila kushuka kuandikwe. Hesabu ya kwanza ifanywe kabla ya wavu wowote kuondolewa, vinginevyo hakutakuwa na cha kulinganishia. Na isifanywe kati ya Juni na Agosti, wakati maji yanapogeuka.